Chapisha Hiyo ya Jumanne

Kipakatalishi changu kilianza kuzimika chenyewe tangu msimu wa kupanda mahindi. Feni ya ndani ilikuwa imekufa. Nikikiwasha kilipata joto kama pasi, na baada ya dakika ishirini, pengine pungufu, kioo kiliingia giza bila kuaga. Fundi mmoja hapa Kitale alikifungua, akapuliza vumbi, akakifunga tena. "Mwalimu, hii haitaki maombi, inataka feni," aliniambia. Alipotaja bei nilimshukuru, nikatia mfukoni kitambaa changu cha kufutia kioo, nikaenda zangu.

Nilikuwa mhadhiri wa mkataba katika chuo kimoja cha ufundi. Mkataba ulihuishwa muhula kwa muhula, na muhula ule barua ilikuwa haijaja. Mkuu wa idara alikuwa akinisalimu haraka mno, kama mtu anayepita karibu na kidonda. Somo langu lilikuwa maadili ya kazi. Ninaandika hilo kwa makusudi, ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyefanya nilichofanya.

Ili watu wa nyumbani wapate kula, niliandika vijitabu vya mazishi: ratiba ya ibada, nyimbo, picha, na wasifu wa marehemu. Huku kwetu wasifu ni zaidi ya hotuba. Huchapishwa, hugawiwa waombolezaji, kisha nakala moja huwekwa kabatini pamoja na hati ya shamba. Aliyetajwa humo ni mtoto wa nyumba. Asiyetajwa atahitaji mashahidi.

Muhula ule alifariki mzee mmoja, jirani yetu wa Matulo, nilikozaliwa. Wanawe wawili wa kiume waliniletea habari zake na majina ya watoto sita. Jumanne nilimtumia mchapishaji wa Bungoma mjini rasimu ya kwanza, aone kama picha zinafaa. Jumatano mjane akanipigia simu.

"Mwalimu, watoto umeandika wangapi?"

"Sita, Mama."

"Wako saba. Kuna yule msichana wa huko kwenu Kitale, anakaa Kipsongo. Mzee aliniomba kabla hajatuacha. Mwandike. Na umwandike katikati ya wenzake, si huko chini peke yake kama mgeni."

"Vijana wanajua, Mama?"

"Wataona hapo hapo. Si unajua siku ya mazishi hakuna mtu anapigana na karatasi?"

Nilimwahidi. Nilivutiwa hata na busara yake, maana alikuwa amechagua mahali pekee ambapo neno la mwanamke mzee halingekatizwa.

Alhamisi nilikuwa na mambo mawili mbele yangu. Kijitabu kilitakiwa kwa mchapishaji kabla ya saa sita mchana. Na kulikuwa na nafasi ya kazi ya kudumu katika chuo kingine, ambayo maombi yake yalitumwa kwa mtandao na kufungwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi ile nilikiweka kipakatalishi juu ya vigae viwili vya sakafu ili kipate hewa chini yake, nikafungua dirisha, nikakiwasha. Kuingiza jina moja katika wasifu na kuutuma kungechukua dakika nne. Nililijua hilo. Nilianza na maombi yangu.

Nilijiambia kwamba muda upo. Nikapakia cheti cha kwanza, kikakataa. Nikakipunguza ukubwa, kikakubali. Nikapakia cha pili. Nilikuwa nimeweka kiganja ubavuni mwa mashine, nikisikia joto linavyopanda, na kila lilivyopanda niliharakisha mambo yangu, wala sikuwaza ya yule mwanamke wa Kipsongo. Mtandao ulipoandika kwamba maombi yamepokelewa, nilipumua kwa nguvu. Kioo kikazima mara ile ile. Nilingoja nusu saa, nikakiwasha, hakikuitika. Nikangoja saa nzima.

Saa sita mchapishaji alinipigia. Alipiga yeye, kwa gharama yake.

"Mwalimu, nangoja kazi yako. Ama ni hii ya Jumanne?"

"Mashine yangu imezima," nilisema.

"Pole sana. Sasa kuna mabadiliko? Niambie tu kwa simu, naandika."

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Alikuwa ameshika kalamu upande wa pili wa simu. Nilihitaji kutamka jina moja na kusema likae wapi. Lakini niliwawazia wale vijana wawili, na hasira yao, na kwamba wao ndio walionipa kazi. Nikawaza pia kwamba hakuna ambaye angejua. Mashine ilikuwa imekwisha kuniandalia maelezo.

"Hakuna," nilisema. "Chapisha hiyo ya Jumanne."

Jumamosi tulizika. Mimi ndiye niliyesoma wasifu, kama kawaida. Binti yule wa Kipsongo, niliyemfahamu kwa sura kutoka soko la Kitale, alikuwa amekaa mwisho wa turubai, amevaa leso nyeusi, watoto wake wawili wakiwa pembeni yake, na kijitabu kiko wazi magotini mwake. Nilipofika kwenye majina ya watoto niliyasoma sita polepole. Ulimi ulikuwa mzima. Ungeweza kutamka la saba. Nilifungua ukurasa uliofuata. Nilimwona mjane akiinamisha kichwa, nikadhani ni uchungu wa kufiwa tu.

Baada ya chakula binti alinifuata penye migomba, akiwa ameshika kijitabu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, samahani. Mama wa hapa alisema nimeandikwa. Nimetafuta sioni."

"Kompyuta iliharibika," nilimjibu. "Ilipoteza mambo mengi."

Mdogo wa marehemu, mzee mcheshi aliyekuwa akichokonoa meno karibu nasi, alicheka. "Ati kompyuta! Hiyo yako ni kali, bana. Watu mia nne wamekuja hapa, yenyewe ikachagua huyu mmoja tu ya kupoteza?"

Alikuwa anatania. Mimi nilicheka pia.

Majuma yalipita. Nikaitwa kwenye usaili, nikapewa mkataba wa mwaka mmoja badala ya ile kazi ya kudumu iliyotangazwa, nikaupokea kwa shukrani kubwa kuliko ilivyostahili. Feni mpya nikanunua. Nilikuwa na kila sababu ya kulala vizuri. Lakini nilianza kuzunguka upande wa pili wa soko la Kitale nikienda kununua mboga, kwa kuwa binti yule aliuza sukuma na managu upande wa kwanza, na kwa mtu anayefundisha maadili huko kuzunguka kulitosha kuwa ungamo.

Siku moja mvua ilinisukuma chini ya mwavuli wake kabla sijamwona ni nani.

"Mwalimu! Umepotea. Kompyuta yako ilipona?"

Aliuliza kwa moyo mweupe. Alinifungia managu, akaongeza konzi moja ya bure, akasema, "Nilikuonea huruma siku ile. Mtu wa kuandika bila kompyuta ni kama mimi bila hii meza." Kisha akanieleza, bila kulalamika, kwamba alikuwa amekwenda Matulo kuuliza kama atapata mahali pa kupanda mahindi, hata kipande, na kaka yake mkubwa akamwonyesha kijitabu. "Aliniambia, soma mwenyewe, uko wapi hapa? Sasa ningesema nini?"

Nilimwambia yote, pale pale kwenye mvua. Nilimweleza kuhusu dakika nne, maombi yangu, na simu ya mchapishaji. Nilitaja hata nilivyojibu, neno kwa neno. Alinisikiliza huku akiendelea kufunga mboga kwa kamba za migomba. Nilitarajia anitukane, nami nadhani nilitamani hivyo, kwa maana tusi lingekuwa malipo na ningekwenda zangu.

"Usiniambie mimi," alisema hatimaye. "Mimi jina langu nalijua. Waambie wao."

Jumamosi iliyofuata nilishuka kupitia Kamukuywa hadi Webuye, nikatembea hadi Matulo. Mjane alikuwa akianika maharagwe uani. Nilimwomba awaite wanawe. Walikuja wote wawili, wakakaa, mkubwa akiwa bado ameshika jembe. Nilisimama, ingawa waliniambia nikae, nikasema kwamba mama yao alinipigia simu Jumatano kabla ya mazishi, akanipa jina la mtoto wa saba kwa agizo la baba yao, nami sikuliandika. Nilisema kwamba mashine haikulipoteza. Niliulizwa kama kuna mabadiliko, nikasema hakuna, kwa kuwa nilikuwa nimetumia muda ule kujitafutia kazi, na kwa kuwa niliwaogopa.

Mdogo alimtazama mama yake. "Kwani wewe ndio ulitaka aandikwe?"

"Ni baba yenu," alisema. "Alinishika mkono hivi."

Yule mkubwa aliweka jembe chini. Alizungumza akiutazama udongo. "Alikuja hapa kuuliza shamba. Nilimfukuza na hiyo karatasi." Kisha akauliza ni nani aliye na namba ya simu ya dada yao. Mjane alikuwa nayo. Mkubwa alimtuma mdogo wake ndani akailete, akasema dada apigiwe, aje Jumapili, wakae wamsikize. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikuwa na haki ya kuomba zaidi.

Nilipokuwa nikiaga, mjane alinisindikiza hadi langoni. Nilimwomba msamaha.

"Nilifikiri ni hawa vijana walikukataza," alisema. "Nilikaa kimya siku hiyo, nikasema basi, wamemkatalia baba yao hata kabla hajafunikwa. Mwalimu, miezi miwili sijala kwa nyumba ya huyu mkubwa. Mke wake akileta uji, namwaga. Mtoto wao amezaliwa juzi, sijaenda kumshika." Aligeuka kutazama uani, ambako mwanawe mkubwa alikuwa bado amekaa karibu na maharagwe. "Sasa nikaanzie wapi?"

Nilisimama pale langoni, mimi mwenye maneno mengi, hadi alipoanza kurudi polepole kwa mwanawe.