Dumu la Mama Mkwe

Ukipita chumba cha kuchomea sindano, ukaendelea na korido mpaka harufu ya dawa ya sakafu ikuingie puani vizuri, utakuta dirisha dogo la kioo lenye tundu chini, kama lile la kukatia tiketi. Hapo ndipo maabara ya hospitali ilipopokelea kila kitu: damu, mkojo, makohozi, na kile kingine ambacho watu hukikabidhi huku wakitazama ukutani. Nyuma ya kioo alikaa bwana mmoja mwenye kitambi cha wastani na miwani iliyofungwa kwa uzi, na watu wote walimwita Bwana Rudi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, likipumzika.

La Bwana Rudi alilipata kwa jasho lake. Chupa haina lebo? Rudi. Inavuja? Rudi. Damu imeganda mahali ambapo haikutakiwa kuganda? Rudi, wakakutoe nyingine, pole sana. Aliwahi kurudisha kopo la siagi, chupa ya marashi iliyokuwa bado inanukia, na kikombe chenye mkono uliovunjika. Kuna mama alimletea choo cha mwanawe ndani ya kopo la biskuti lenye picha za maua, na juu amelifunga utepe.

"Mama," Bwana Rudi alimwuliza, "hii ni sampuli au kuna harusi?"

Usidhani alikuwa mkali. Alirudisha watu kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayekuomba radhi kwa kukukanyaga. Kazi alianza kama msukuma vitanda, akahamishiwa kubeba masanduku ya sampuli kutoka wodini, hatimaye wakamkalisha dirishani kwa sababu hakuwa mtu wa haraka. Mkuu wa maabara wa wakati ule, mwanamke mwembamba asiyecheka, alimfundisha jambo moja: sampuli ambayo hujui imetoka kwa nani, usiipime, kwa maana utampa mtu ugonjwa wa mwenzake, na mwenzake utampa afya ambayo hana. Bwana Rudi akalimeza hilo kama dawa. Tatizo akawa analitapika kila siku mezani, nyumbani kwake, wakati wa kula.

"Leo kuna mtu kaleta mkojo kwenye chupa ya juisi," angeanza.

"Baba Watoto, tunakula," mkewe angesema.

"Mimi nasema tu. Na masalia ya juisi yamo humo humo. Sukari itapanda mpaka darini!"

Kwa hiyo mke wa Bwana Rudi, hata bila kusoma, alizijua taratibu za maabara kuliko baadhi ya waliovaa makoti meupe. Kumbuka hilo tunapokwenda, maana ndilo lililomuuma mumewe.

Sasa mama mkwe wake alianza kuvimba miguu. Ilivimba taratibu, mpaka akawa anavaa kandambili za baba mkwe, nazo zinambana. Daktari alimtazama, akambonyeza kwa kidole, kidole kikaacha shimo. Akasema anahofia figo zinavujisha kitu ambacho hazipaswi kuvujisha, na ili ajue zinavujisha kiasi gani, ampatie mkojo wote wa kutwa nzima, mchana na usiku, kwenye dumu maalumu. Jibu likija, ndipo ataamua dawa. Nesi akamweleza vizuri: wa kwanza wa asubuhi umwage, baada ya hapo kila utakaokwenda utie humu, usipoteze hata tone, mpaka kesho asubuhi kama sasa hivi.

Mama mkwe akaitikia kila neno. Lakini mama mkwe huyo, katika maisha yake yote, hajawahi kumpelekea mtu chombo nusu. Akikuletea unga, kopo limefurika mpaka njia nzima imekuwa nyeupe. Akikuletea maji ya kunywa, unakunywa kidogo kwanza ndipo unaweza kuishika glasi. Na dumu alilopewa lilikuwa kubwa, kwa sababu wapo watu wanaolihitaji lote. Hakuna aliyemwambia kwamba si lazima lijae. Nani angefikiria kusema hivyo?

Asubuhi ya siku ya kulipeleka, Bwana Rudi aliinua macho dirishani akamwona mkewe amemshika mama yake mkono, na mama mkwe amelikumbatia dumu kifuani. Foleni ilikuwa ndefu. Watu wakampisha kwa ajili ya miguu yake.

Hapa lazima nieleze. Kati ya Bwana Rudi na mama mkwe wake kulikuwa na heshima nzito kama godoro lililolowa. Mbele yake hata chafya aliimeza. Mama akija kuwatembelea, Bwana Rudi hakwenda chooni mpaka mgeni aondoke, na mama mwenyewe alikuwa na desturi ya kukaa sana. Leo huyo huyo anampitishia dumu kwenye tundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pokea mzigo wako."

Dumu lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Si karibu kujaa. Limejaa, na ukilitikisa halitoi hata sauti. Bwana Rudi alilitazama dumu, akaitazama miguu ya mama mkwe, akalitazama tena dumu. Mwanamke huyu alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba haendi haja ndogo vizuri.

"Mama," alianza, jasho likimtoka, "hiki... hiki kilichomo. Ni chako?"

"Kwani nimekiiba?"

Mzee mwenye mkongojo, wa pili kwenye foleni, akasogeza sikio.

"La, mama, sivyo. Namaanisha... hukupata msaada wowote?"

"Msaada?" Mama mkwe akajinyoosha. "Mwanangu, mimi nina watu! Jioni niliona hata nusu halijafika. Nikasema, nitapita nalo vipi barabarani, kwa mkwe wangu, mbele ya wenzake? Baba yako akasema usihangaike. Akatia. Wajukuu wakatia. Yule fundi aliyekuja kutengeneza mlango, naye Mungu ambariki, akatia."

Foleni ilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni ilibidi ashike ukuta.

"Fundi naye!" mzee wa mkongojo alisema. "Bibi, wewe unapendwa."

"Na huyu mwanangu," mama mkwe akaendelea, akimpigapiga binti yake begani kwa fahari, "jana alikuja kunitazama. Hakuja mikono mitupu."

Bwana Rudi akageuza shingo polepole kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa anasoma dari kana kwamba imeandikwa.

"Mama Watoto."

"Abee."

"Na wewe?"

"Mama aliniomba," mkewe alinong'ona kupitia kwenye tundu. "Wewe ungemkatalia mama? Pokea tu, baba. Lebo ipo, halivuji, jina ndilo. Nani atajua?"

Na hapo ndipo Bwana Rudi alipobanwa. Mkewe hakukosea. Ukisoma taratibu zilizobandikwa ukutani, dumu lile lilikuwa safi kuliko yote ya asubuhi hiyo. Akilipokea, mama mkwe ataondoka ametabasamu, nyumbani watakula kwa amani. Na daktari ataletewa jibu la figo za fundi mlango na wajukuu wenye afya ya punda, atasema si mbaya sana, endelea na vidonge vile vile. Miguu itaendelea kuvimba.

Akavua glavu. Akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya: akatoka nje ya dirisha lake, akaja akasimama mbele ya mama mkwe, akapiga goti moja.

"Mama, nisamehe. Siwezi kuupokea."

"Unanirudisha mimi?"

"Nakurudisha, mama. Daktari anazitafuta figo zako. Humu nitamwonyesha za ukoo mzima."

Akampa dumu jingine. Mama mkwe alilichukua, jepesi, tupu, akaondoka bila kuaga, na miguu yake mizito ikasikika korido nzima. Mkewe akamfuata. Mzee wa mkongojo akasema, "Bwana, usiku wa leo tafuta pa kulala," na hakuna aliyecheka.

Alilala kwake, ila chakula kilikuwa baridi, na maneno hayakuwapo kabisa. Kesho yake simu ikaita. Alikuwa baba mkwe.

"Mkwe wangu, nasikia wangu umekataliwa. Una kasoro gani?"

"Hauna kasoro, baba. Ila si wa mama."

"Si wa mama kivipi? Mimi na yeye tumeoana tangu hujazaliwa! Sisi ni kitu kimoja!"

"Ni kweli, baba. Lakini figo mmegawana."

Mzee akacheka, cheko la kifua kibovu, na Bwana Rudi akajua kwamba angalau upande huo amesamehewa.

Zamu ya pili mkewe mwenyewe alijitolea kulinda. Alihamia kwa mama yake, akaliweka dumu chini ya kitanda, na kila aliyepita karibu akamwuliza shida yake nini. Baba mkwe alisema amewahi kuishi karibu na kambi ya jeshi na hapakuwa na ulinzi kama ule.

Dumu lilirudi dirishani limeviringishwa kanga, maana ndani hata robo halikufika. Mama mkwe alilipitisha kwenye tundu akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni hicho tu, mwanangu. Usinicheke."

Bwana Rudi alilipokea kwa mikono miwili. "Mama, hiki ndicho tulichokuwa tunakitaka."

Jibu lilitoka baya, na lilitoka mapema. Figo zilikuwa zinavuja kweli. Daktari akabadilisha dawa, akamkataza chumvi, akamtaka kila baada ya muda arudi wamtazame, na baada ya wiki kadhaa ukibonyeza mguu wa mama mkwe, kidole hakikuacha shimo tena.

Shukrani? Bwana Rudi hakuipata. Siku ndugu walipokuja kumtazama mgonjwa, wakajaa sebuleni sahani mapajani, mama mkwe aliwasimulia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Wa kwanza niliompelekea ulikuwa mzuri. Mwingi, umekolea rangi, hauna ugonjwa wowote. Huyu bwana akaukataa! Akang'ang'ania ule mbaya, na ndio uliotoka na figo."

Wageni wote wakamgeukia Bwana Rudi kwa masikitiko. Mkewe akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakimtetemeka.

"Ni kweli, mama," Bwana Rudi akasema, akiinamia sahani yake.

Shangazi mmoja, mtu wa mashamba, akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa ule mzuri mkaupeleka wapi?"