Kioo cha Mtaa wa Wajerumani

Kosa langu la mwanzo Stockholm lilikuwa hili: nikiulizwa swali leo, nililijibu kesho.

Nilikuwa najifundisha Kiswidi mwenyewe, kwa kamusi na redio ya mtumba, katika chumba nilichopanga Fisksätra, nje kidogo ya jiji. Mtihani wa maandishi nilikuwa nimeshafaulu. Ulibaki wa kuzungumza, na bila huo nisingepata nafasi ya kusomea ufundi umeme. Ningeendelea kusafisha ofisi za watu kwa ndoo na ufagio. Tatizo ni kwamba sikuwa nazungumza. Nilikuwa nimeapa kwamba sentensi yenye kasoro haitatoka kinywani mwangu. Mtu akiniuliza jambo, nilitabasamu na kuondoka. Ndani ya treni niliipanga sentensi kichwani, nikaifua, nikaipiga pasi, halafu kesho yake nikarudi pale pale kumtafuta aliyeuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyolelewa. Kuhusu kujibu, sikumbuki kama tuliambiwa kitu.

Siku za mapumziko nilishuka kituo cha Slussen na kutembea Gamla Stan, mji wa zamani, nikisoma kila kilichoandikwa: vibao vya mitaa, bei za samaki, matangazo ya ibada. Nilisoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Sehemu niliyoipenda zaidi ni ile inayozunguka kanisa la Wajerumani, ambako wafanyabiashara wao wa kale walijenga na kuishi kama wako kwao. Katika kichochoro kimoja palikuwa na mlango wa mawe wenye maneno yaliyochongwa juu yake. Sikuelewa hata neno moja, na kwenye kamusi hayakuwemo. Niliona aibu. Mtu anayetaka kufaulu anashindwaje na mlango? Basi nikawa narudi, nasimama, nanung'unika, naondoka.

Ndipo nilipokiona kioo. Kilikuwa kimefungwa nje ya dirisha la ghorofani, ng'ambo ya kichochoro, kikainamishwa ili aliye ndani aone mtaa bila yeye kuonekana. Lakini kwa pale niliposimama mimi, niliona ndani yake nusu ya miwani. Nikasogea kushoto, miwani ikageuka. Nikasogea kulia, ikageuka tena.

Katika nyumba ile ya Fisksätra alipanga pia Mganda mmoja, mtu mzima aliyewahi kukimbia kwao na kuishi uhamishoni. Nilimwita kaka. Nikamsimulia.

"Kioo?" Aliacha kumenya viazi. "Nje ya dirisha?"

"Ndiyo, kaka."

"Ssebo, huyo ni shushushu, anakuandika. Kwetu waliotuandika hawakuwa hata na kioo, walitumia macho tu, na tazama mimi nimefika wapi."

"Lakini hapa si ni Uswidi?"

"Ndiyo maana shushushu wao ana kioo. Maendeleo hayo, bwana mdogo!"

Alicheka sana, kisha akaenda kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

Kuanzia hapo kila mtu akawa shushushu. Mwanamume wa kwenye treni alisoma ukurasa mmoja wa gazeti mpaka Slussen. Nani husoma hivyo? Mama mwenye mbwa alisimama kila niliposimama, na mbwa mwenyewe sikumwamini. Nilibadilisha njia, nikavaa kofia, nikaivua kwa kuwa ilinifanya nionekane ninajificha. Lakini mlango ule haukuniachia.

Siku moja dirisha likafunguka. Bibi mwenye miwani akatoa kichwa.

"Unamtafuta nani?"

Maneno yote niliyajua. Nikafungua mdomo, nikaona makosa yamepanga foleni kwenye ulimi. Nikainama kidogo, kama tunavyowaamkia wazee kwetu, nikaondoka mbio mbio.

Kesho yake nikarudi na jibu langu: "Simtafuti mtu yeyote, bibi, ninajaribu tu kuyasoma maandishi yaliyo juu ya mlango huu." Lilikuwa safi. Ningelikabidhi kwa mwalimu yeyote. Kabla sijafika chini ya dirisha, bibi alishatoka barabarani na fimbo yake.

"Jana umekimbia, leo umerudi," alisema. "Baiskeli ya jirani imepotea hapa hapa. Polisi nimewapigia, wako njiani. Sema sasa. Unamtafuta nani?"

Niliposikia polisi, sentensi yangu yote ikayeyuka. Nikaona mtihani unakwenda, mafunzo yanakwenda, narudi kwenye ndoo au pabaya zaidi.

"Mlango," nilisema.

"Nini?"

"Mimi kusoma mlango! Kila siku kusoma! Haiingii kichwa!"

Nilikuwa napiga kelele. Bibi akautazama mlango, akanitazama mimi, kisha kamusi niliyokuwa nimeikumbatia.

"Kwa kamusi ya Kiswidi? Hicho ni Kijerumani, kijana. Utasoma mpaka uote mvi."

Alikuwa Mjerumani mwenyewe, aliyeletwa Stockholm akiwa msichana wa kazi za nyumbani. Kiswidi chake kilikuwa kizito na kimejaa makosa, mengine hata mimi niliyasikia, wala hakuyajali. Aliniuliza nakaa wapi, nakula nini, kwa nini sikujibu jana. Nilijibu hapo hapo, vibaya, na hakuna aliyekufa.

"Mimi nilidhani wewe mwizi," alisema.

"Mimi kufikiri wewe polisi. Kwa kioo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kioo, alisema, alikikuta pale alipohamia, na kina faida: unajua nani yuko mlangoni kabla hujashuka ngazi. Kisha akanisomea mlango. Ulikuwa unamwomba Mungu amlinde kila aingiaye na kila atokaye.

"Na baiskeli?" nikauliza.

"Haijapatikana bado," alisema, akiitazama mikono yangu.

Polisi hawakuja. Niliwangoja kidogo naye, kwa adabu, na kwa kuogopa kwamba nikiondoka ataanza upya kunishuku.

Kwenye mtihani mtahini aliniuliza kilichonileta Uswidi, nami nikaanza kusema kabla hajanyamaza vizuri. Alikuwa akiandika kila nilipokosea. Nilifaulu, si kwa alama za kujisifia.

Tangu hapo swali la leo nalijibu leo, hata kama najua nitakosea. Watu bado nawatilia shaka.