Mama Lusia Alipa Faini ya Serikali ya Mbali

Eufrasia Nyamizi, ambaye Katoro nzima humwita Mama Lusia, amehudumu kwenye pampu za mafuta kwa miaka tisa. Kabla ya hapo alilima mpunga kwao Kharumwa, na tabia za shambani hakuziacha: hufika kabla ya jua, hufagia sakafu ya kituo, na kila pikipiki akishaijaza hulifuta tangi lake kwa kitambaa kikavu, kama mama anayemfuta mtoto mdomo.

Kituo ni mali ya Mzee Mansukhlal, mzaliwa wa Kahama. Bango lililo juu yake ndilo la kampuni ya ng'ambo, na bango hilo ndilo lililoleta maneno. Mwaka jana waendesha bodaboda wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara walitazama simuni picha za vita ambavyo, kwa maelezo waliyoyasoma, serikali ya nchi yenye kampuni hiyo ilikuwa ikivichochea. Wakakubaliana wasinunue tena mafuta yake hata lita moja.

"Tukiwanyima soko," alisema Davis, msemaji wao, "serikali yao itashika adabu."

Sasa, wengi wa vijana hao wamelelewa katika vijiji vya Kisukuma, ambako mambo haya yana utaratibu. Mtu akikosa, hutengwa: hasalimiwi wala hapewi moto, mpaka aombe radhi na kulisha watu. Basi vijana hawakuishia kwenye petroli. Walimtenga Mama Lusia pia. Walimpita bila shikamoo, shingo zimekakamaa kama askari wa gwaride.

Wiki ya tatu Mzee Mansukhlal alimwita. "Mama Lusia, pikipiki hazionekani. Mwezi ukiisha hivi nitabaki na mhudumu mmoja, naye atakuwa Pantaleo, maana alikutangulia kazini."

Mama Lusia alivua aproni, akaikunja vizuri, akavuka barabara.

"Mwangaluka," aliwaamkia kwa Kisukuma. Hakuna aliyeitikia. Mabula, mwenyekiti wa kijiwe, alijikuna shingo.

"Haya, msiitikie. Nimetengwa, najua. Nina swali la utaratibu tu. Kwetu mtu akitengwa, nani humweleza kosa lake?"

Mabula akajisahau. "Wazee humpelekea mjumbe, Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na ninyi mjumbe wenu kwa serikali ile ni nani?"

Mabula alimgeukia Davis, Davis akaigeukia pikipiki yake.

"Kwa hiyo mmemtenga mtu asiyejua kwamba ametengwa! Na faini mmempangia ng'ombe wangapi?"

Mmoja alicheka kwa pua, na kicheko kikawaambukiza wengine. Davis peke yake hakucheka.

"Mayu, sisi wa Katoro ni wachache, sawa. Lakini tukigoma wengi duniani, kampuni itaumia, na kampuni hukaa meza moja na wakubwa."

"Huenda, mwanangu, wala sikukatazi. Lakini kutoka hapa mpaka kwenye meza hiyo kuna watu wengi, na wa kwanza ni mimi. Hao wakubwa wakija kuumia, mimi nitakuwa Kharumwa napanda mpunga."

Mabula alisimama, akakohoa kiuenyekiti. "Kwa utaratibu, aliyetengwa akilisha watu hurudishwa."

"Nitalipa mimi faini ya serikali ile," alisema Mama Lusia. "Barua ya kosa lao mtaiandika ninyi, muipeleke ubalozini kwao."

Jumapili alipika wali na sato wa ziwani, sufuria mbili kubwa. Barua iliandikwa baada ya kula: kurasa mbili, sahihi thelathini na moja, na alama ya dole lenye mafuta ya samaki pembeni. Haijajibiwa mpaka leo. Kama serikali ile ilihisi pengo la petroli ya Katoro, haijatuma mtu kuja kusema.

Siku iliyofuata pikipiki zilijipanga kituoni, na mwezi ulipoisha wahudumu walibaki wote wawili. Davis hakujipanga. Alishika msimamo wake, na Mama Lusia humheshimu kwa hilo. Lakini kila asubuhi Davis husimama mbele yake.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Leo nikujazie?"

"Naomba upepo tu kwenye matairi. Upepo hauna serikali."

"Mpira wa upepo ule pale, jaza mwenyewe. Mgongo wangu nao umegoma."