Mate Juu ya Tangi

Kabla hata sijaiuza, nilishachukia kila mkono ulioigusa. Ilikuwa kruza, pikipiki ile nzito ya kukalia chini na kunyoosha miguu mbele, niliyouziwa na meneja wa kambi ya watalii alipokuwa anarudi kwao. Niliiendesha miezi minne, tena siku za jua tu, maana udongo wetu mwekundu wa Karatu ukiloa, chombo kama kile hakisimami. Sasa ilibidi iuzike kabla ya Jumatatu. Siku hiyo chuo cha waongoza watalii cha Arusha kilikuwa kinafunga kupokea ada, na nikikosa, mimi na shahada yangu tungerudi kulima kwetu Endabash.

Niliiegesha karibu na stendi. Mteja wa kwanza alikuja anakula yai la kuchemsha, akashika usukani kwa vidole vilevile vyenye kiini. Wa pili, dereva wa boda, alinusa ugoro, akapiga chafya juu ya taa, kisha akaniuliza, "Dogo, hii ni pikipiki au kitanda?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikakaa nusu saa nikijiuliza kwa nini nilicheka. Kila mtu alipoondoka nilitoa kitambaa nikafuta. Ikafika mahali mkono unafuta wenyewe.

Mchana akaja mzee wa Kimaasai kutoka Malambo. Alikuwa ametoka mnadani kuuza ng'ombe, na magoti yake, alisema, hayapandi tena pikipiki ndefu. Aliizunguka kama anayekagua dume. Hakuuliza kilomita. Aliuliza imetoka kwa nani, kwa nini inaondoka, na kama imewahi kumwangusha mtu. Nilimjibu ukweli mtupu, nikajishangaa. Bei tukakubaliana bila kuvutana. Ndipo akainama, akatema mate kidogo kwenye tangi.

Nilijua mate yale ni nini. Nimekua jirani na watu wanaobariki hivyo, na chuo kikuu niliandika insha nzima juu ya baraka hizo, nikasifiwa. Lakini niliona povu likiteleza kwenye rangi nyeusi, na kitambaa kikapita.

Mzee alitazama pale palipokuwa pakavu.

"Umefuta nini, mwanangu?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi liko kwenye matairi."

Alifunga shuka lake vizuri, akaanza kuondoka. Nilimfuata hadi upande wa pili wa barabara nikimwaga maneno: nilichanganyikiwa, ni mazoea tu, ateme tena baraka, nitashukuru. Nilijisikia nikiongea na nikachukia sauti yangu kuliko nilivyochukia lile yai.

"Sina hasira na wewe," alisema. "Ila siwezi kupeleka nyumbani kitu ambacho mwenyewe amekikatalia heri."

Wengine waliokuja hadi Jumapili walitaka kuijaribu tu. Baba aliponiuliza kwa nini haijauzika, nilimwambia Mmaasai aliyeitaka hakuwa na hela. Alinitazama kidogo, akanipa jembe. Jumatatu asubuhi, wenzangu wakiandikishwa Arusha, mimi nilikuwa napalilia maharage, bado naona kinyaa, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumtupia lawama.