Mshipa wa Babu Chande

Babu yangu alivua kikoi mchana kweupe mbele ya baba mkwe wake.

Siwatanii. Ilikuwa Kikoneni, mwaka 1956.

Wageni niwaambie kwanza: kwetu pwani mtu mwenye adabu hatamki "busha". Husema fulani ana mshipa.

Chande alikuwa nao, na alikuwa ameuficha miaka minane.

Posa yake kwa Mwanarusi ilikubaliwa kwa sharti moja. Mzee Kibwana, baba wa msichana, alisema hampi binti yake mtu mwenye mshipa. Chande akamhakikishia kwamba yeye ni mzima wa afya. Harusi ilibakiza wiki mbili.

Ndipo ikaja sindano ya kichocho. Nusu ya kijiji ilikuwa inakojoa damu, serikali ikaleta dresa, mhudumu wa hospitali, kutoka bara.

Chande akasimama wa kwanza kwenye foleni, mkwe aone kwamba haogopi. Mkwe akasimama nyuma yake.

Sasa, sindano ya buba ya mwaka uliotangulia ilipigwa takoni. Hii ya kichocho ilikuwa ya mkononi, kwenye mshipa wa damu. Hakuna aliyewaeleza.

"Nionyeshe mshipa," dresa akasema.

Chande akauliza kwa sauti ya chini nani kamwambia.

"Kila mtu anao, bwana. Usinicheleweshe."

Basi yamekwisha. Akafungua kikoi.

Dresa akatazama. Akaiweka sindano mezani taratibu.

"Mimi nilitaka wa mkono," akasema.

Hakuna aliyecheka. Babu aliniambia alitamani kufa pale pale, na namwamini.

Mzee Kibwana akasogea mbele. Akakohoa. Akamwuliza dresa kama mambo haya yana tiba.

"Wanapasua Mombasa. Lori la hospitali hupita hapa kila Jumatatu."

"Basi andika wawili," akasema Mzee Kibwana.

Wakaenda pamoja, wakalazwa vitanda jirani. Harusi ikasogezwa mwezi mmoja, na Mwanarusi ndiye bibi yangu. Sharti lile, mzee alikuja kukiri, aliliweka ili watu wasimshuku yeye.

Funzo? Wanaume wawili walifichana ugonjwa mmoja miaka yote hiyo, na lori likiwapita mlangoni. Inaniuma mpaka leo.

Kama una chako unachokificha, nenda ukaonwe. Huenda huyo unayemwogopa anacho pia.