Siku Niliyovuliwa Uzee wa Saskatchewan

Nisiposema mimi atasema Otieno, na Otieno akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka halilike, kwa hivyo afadhali mlisikie kwangu: mimi Katana wa Mariakani, kidato cha pili na robo, mpika chai wa ghorofa ya tisa katika jengo moja hapa Olaya, Riyadh, nimewahi kuwa mzee wa busara wa Kikanada kwa miezi minne mizima, na siku niliyovuliwa uzee huo nilivuliwa mbele ya watu arobaini, nimeshika trei, nimevaa aproni yenye picha ya ngamia anayecheka. Nikikumbuka masikio yanapata moto. Chekeni, lakini chekeni polepole.

Chanzo ni ndoto. Mimi nikiona picha ya theluji nasikia njaa, sijui kwa nini, na tangu nifike Riyadh niliota Kanada usiku na mchana, maana ofisini kwetu kulikuwa na Wakanada wawili na wote wawili ni watu wema kupita kiasi. Mmoja ni Bwana Gordon, injinia na bosi wangu, jitu la ndevu, sukari vijiko vitatu. Wa pili ni Madam Claire, mkuu wa wafanyakazi, mwembamba, chai ya mnanaa bila sukari, mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili. Bwana Gordon ana binamu yake mwenye hoteli ndogo kando ya ziwa huko kwao, na siku moja akaniambia, "Katana, huyo binamu anatafuta mtu wa jikoni. Nikuandikie barua ya sifa?" Nikamshika mkono nikasahau kuuachia.

Barua akaiandika, akaisaini. Lakini sheria ya kampuni ni kwamba barua ya namna hiyo lazima iwe na saini mbili, ya bosi wako na ya Madam Claire, na kwa Madam Claire barua ikaingia kwenye kikapu cha karatasi ikakaa. Kila nikipeleka mnanaa naiona pale, kona yake imejitokeza kama inanipungia mkono. "Nitaisoma vizuri kwanza, Katana," ananiambia. "Sisaini nisichokisoma." Basi nikasubiri.

Nikiwa nasubiri nikaona nijifunze Kanada. Otieno (ndiye askari wa pale mlangoni, mtu wa Kisumu, tunakaa chumba kimoja) akanionyesha kwenye simu kundi la Wakanada wanaoishi Riyadh na Jeddah. Ili uingie unaulizwa swali moja tu: unatoka mkoa gani wa Kanada? Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na mimi nikashika ile mbaya. Ningeandika, "Mimi ni Mkenya, naomba nisome tu." Wangenikubali, ni watu wema. Lakini nikakumbuka kikombe cha Bwana Gordon ninachokiosha kila siku, kimeandikwa neno refu, nikalinakili herufi kwa herufi: Saskatchewan. Jina nikaandika Ken, kwa ajili ya Kenya, ili isiwe uongo mtupu (oneni akili hiyo), na picha nikaweka bata bukini.

"Wee Katana," Otieno akasema, "hao watu wakikushika watakurudisha Mariakani kwa posta."

"Nasoma tu, bro. Siandiki neno."

Jamani, Wakanada! Hawa watu ofisini wakigonga mlango kwa bega wanauomba mlango msamaha. Lakini humo mtandaoni walikuwa wanararuana kama paka kwenye gunia. Wanagombania bomba la mafuta, lipite au lisipite. Wanagombania kodi ya moshi. Wanagombania bangi, iruhusiwe au isiruhusiwe, wanagombania wageni wangapi waingie (hapo nilisoma nimeshika roho). Na hakuna anayetumia jina lake, kila mtu ana la bandia. Wakali kuliko wote walikuwa wawili: mmoja akijiita Dubu wa Magharibi, ambaye bomba la mafuta analipenda kama mtoto wake wa kwanza, na mwingine Bibi Nyangumi, ambaye anasema bomba likipita nyangumi wote watakufa na Dubu atabeba dhambi yao. Dubu anamwambia, "Basi gari lako litilie maji ya chumvi." Nyangumi anamwambia, "Wewe umelelewa na jenereta."

Sasa, kazi ya chai ina siri yake. Mpika chai huingia bila kubisha, huja kwa nyuma, na mtu akiwa ameshughulika na kompyuta hamwoni kabisa. Jumatatu moja napeleka chai ya vijiko vitatu, nikaona kwenye skrini ya Bwana Gordon kichwa cha dubu. Nikajisemea, ala! Nikavuka korido na mnanaa, na kwa Madam Claire nikamkuta nyangumi anapiga mkia. Watu wanaoachiana lifti, "tafadhali tangulia wewe," "hapana, wewe," ndio wanaoitana majina mabaya kila siku, na hawajuani! Mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua.

Ningekaa na siri yangu nikacheka. Lakini wiki ile ile Bibi Nyangumi aliandika hivi: "Siku nikijua huyo Dubu anafanya kazi wapi, karatasi yoyote yenye jina lake sitaigusa hata kwa kijiti." Na mimi barua yangu, yenye jina la Dubu chini kabisa kwa wino wa bluu, imo kikapuni mwake. Sikula chakula cha mchana siku hiyo, na kilikuwa kabsa, ule wali wa Kisaudi wa kuku.

Nikaandika. Kiingereza changu kinachechemea, nikaandika kama ninavyosema kwetu: "Wazee wangu, hamjambo? Nyumbani hawajambo? Ng'ombe wanaendeleaje? Naomba tusitukanane, ulimi ukiteleza haurudi kama mguu." Nilidhani watanifukuza. Kumbe walinipenda! Wakaandika, "Hatimaye, mtu mwenye adabu." "Ken, una umri gani?" Nikajibu, nimeona mengi (nina miaka ishirini na nne, na nilikuwa nimeona Mariakani, Mombasa na Olaya). "Shamba linaendeleaje, Ken?" Nikajibu ukweli wa kwetu: mvua imetupa kisogo, mahindi yamekauka, mbuzi wanajitahidi. Wakanionea huruma sana. Mtu akaandika kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yamefika Saskatchewan, na wakaanza kugombana upya juu ya mbuzi wangu.

Sasa ndipo nikafanya kosa lililonizika. Ugomvi ulipochacha nikawaeleza dawa ya bibi yangu mzaa mama. Kwetu, watu wawili wakikosana, bibi huwapa maji. Kila mmoja anajaza mdomo, anakaa nayo kimya mpaka moyo utulie (huwezi kutukana mdomo umejaa maji), kisha wanayatema chini kwa pamoja, na neno la kwanza baada ya hapo ni kuuliza hali. Nikaandika, "Ndivyo tufanyavyo huku kwetu." Kwetu! Wakanada wakafurahi mno. Wakasema ni mila nzuri ya zamani ya watu wa Saskatchewan, na ni aibu kwamba hawakufundishwa shuleni.

Mwenye kundi, mzee mmoja wa Jeddah, akatangaza kwamba Ijumaa fulani watakutana kule kwenye bustani ya makazi yao karibu na bahari, wajadiliane uso kwa uso, na Ken awaongoze kwa maji. Ken, utakuja? Nikaandika, "Mungu akipenda." Sote tunajua maana yake, si ndiyo? Maana yake ni hapana, ila kwa heshima. Wao wakaniwekea kiti.

Na Mungu akapenda. Wiki hiyo kampuni ilikuwa na mkutano Jeddah, na bosi akasema, "Katana, yalla, twende, chai ya hoteli siiwezi." Kwenye ndege nilimwona Madam Claire ana barua yangu mapajani, anasoma kwa kalamu. Alifika mstari wa tatu, akalala. "Nitasaini leo, Katana," akaniambia tulipotua, "naahidi." Ijumaa Bwana Gordon akaniazima kwa rafiki zake wa lile kundi, niwapikie chai. Nikaenda mtaa wa Sharafiya asubuhi kununua vikombe vya karatasi na aproni, na aproni iliyobaki dukani ilikuwa ile ya ngamia.

Bustanini nikawakuta wamevaa vibandiko vifuani, kila mtu na jina lake la mtandaoni. Chini ya turubai kuna kiti kimefungwa utepe: MZEE KEN. Nikapita na trei kando ya kiti changu mwenyewe kama mwizi. Nikamwona Bwana Gordon, kifuani DUBU WA MAGHARIBI, anacheka na watu. Kisha geti likafunguka, akaingia Madam Claire na kibandiko chake, akamwona bosi, akatabasamu, "Gordon! Kumbe na wewe," macho yakashuka kifuani.

Watu arobaini wakageuka kutazama.

"Wewe?" Madam Claire akasema.

"Wewe?" Bwana Gordon akasema. "Mimi nimelelewa na jenereta?"

"Na mimi gari langu nilitilie maji ya chumvi? Mimi niliyekuletea supu ulipougua?"

"Supu ilikuwa nzuri, Claire, lakini..."

"Usiniambie lakini!" Akafungua mkoba, akatoa barua yangu. "Chukua karatasi yako. Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja."

Mwenye kundi akajitupa katikati. "Rafiki zangu, Ken hajafika, lakini tufanye kama alivyotufundisha. Maji!" Akanigeukia, "Kijana, wape wote maji, haraka." Nikagawa vikombe. Kila mtu akajaza mdomo. Wakasimama mashavu yamevimba, mainjinia na wahasibu na walimu, Dubu na Nyangumi wametazamana, na mimi nikaanza kuona kwamba pengine bibi yangu atashinda. Kisha mwenye kundi akainua mkono akaashiria, na wote, wallahi wote, wakafanya shingo zao *gluk*. Wanameza!

Nisamehewe. Mtu aliyelelewa na bibi yangu hawezi kuvumilia jambo hilo. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Msimeze! Jamani msimeze! Ukimeza umeimeza hasira, itazaa humo tumboni! Inatemwa, chini, pamoja, kisha mnajuliana hali!"

Wakageuka. Ngamia wangu akawachekea.

"Umejuaje?" akauliza Madam Claire.

Ningesema nilisikia tu. Lakini barua yangu ilikuwa inaning'inia kati ya vidole vyake viwili, na mimi nikiwa na hofu husema kweli. "Madam, mimi ndiye Ken."

Akatokea mama mmoja mnene wa kofia ya jua. "Mimi nimezaliwa Saskatchewan, nimekulia Saskatchewan, na mila hii sijaiona. Mwanangu, hebu tamka jina la mkoa wako."

Nilikuwa nimeliosha mara mia, sijawahi kulisikia. Nikajaribu. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anapiga chafya huku anateremka ngazi. Wakacheka mpaka mzee mmoja akakalia kiti changu, na kikavunjika.

Lakini Madam Claire hakucheka, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipoanza. "Katana," akasema taratibu, "ulijua tangu lini kwamba Dubu ni Gordon?"

"Tangu nilipoleta chai nikawaona kwenye skrini, madam."

"Ukawa unatusoma mgongoni miezi yote."

Nikamwambia yote, kwamba niliogopa wakijuana hatasaini, kwamba Kanada naiota, kwamba mbuzi ni wa kweli, ila wako Mariakani. Machozi yakanitoka, nayo yakaingia kwenye chai ya watu. Bwana Gordon akakohoa. "Claire," akasema, "kijana ameshika amani yetu miezi minne kwa trei. Mimi nilikuwa nashika tusi." Akajaza mdomo wake maji. Madam Claire naye akajaza. Wakatema, vizuri safari hii, na mengine yakaangukia viatu vyangu.

"Hujambo, Gordon?" akasema.

"Sijambo, Claire. Bomba lakini litapita."

"Halipiti."

Akachukua kalamu, akaiweka barua juu ya trei yangu, akasoma mstari uliobaki. Ulisema: *ni mtu wa kutunza siri na asiyeingilia yasiyomhusu*. Akaukata kwa mstari mmoja mnyoofu, akatia saini pembeni pa mstari huo, akamwambia Bwana Gordon naye asaini hapo, ndipo akasaini chini. "Mengine yote ni kweli," akasema. "Hili siwezi."

Basi ndiyo barua niliyonayo. Hoteli walinipigia simu, na swali la kwanza lilikuwa lile lile ambalo ninyi mngeuliza: hapa palikatwa nini? Nikamsimulia binamu wa bosi, kumbe ni mama, mkasa wote kama nilivyowasimulia ninyi, akacheka akaangusha simu, akaiokota. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe, Katana, unaonaje, bomba lipite?"

Maoni ninayo, tena mazito, nimeyakusanya miezi minne. Nikasema, "Mama, mimi sina neno."

"Njoo upesi," akasema. "Huku mtu wa namna hiyo hatuna hata mmoja."

Karatasi za safari bado nazisubiri, kafili, yaani mdhamini wangu wa hapa, ameshanipa ruhusa. Kundini nimejitoa. Na chai naipeleka bado, ila nabisha hodi mara tatu, nikiingia naangalia dari tu. Juzi nimemmwagia Bwana Gordon mapajani, vijiko vitatu vyote. Ameungua kidogo, lakini alichokuwa anakiandika mimi sikijui.