Kitambaa Cheupe

Fundi cherehani wa nyumba ya pili ana vidole vilivyochomwa na sindano hadi vikazoea. Miiba ya beri zake nyeusi haimbabaishi. Hupita bustanini na vipande vya kitambaa shingoni, akinong'ona kama anampima mteja. Tawi lililokwisha kuzaa hulifunga kitambaa chekundu, likatwe. Chipukizi hulifunga cheupe, maana ndilo litakalozaa mwakani. Alipolazwa kwa upasuaji, mimi na kiherehere changu nikaenda kumsafishia bustani. Nikadhani chekundu ni cha heshima, alama ya kubakiza, nikayakata matawi yote yenye vyeupe.

Siku aliyorudi alisimama pale, mkono juu ya mshono, akitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe, mama."

Akainama taratibu, akapapasa udongo. "Mizizi ipo, mwanangu. Mwakani itachipua, mwaka unaofuata itazaa." Akanipokonya mkasi niliokuwa bado nimeushika, akautia mfukoni. "Daktari kaniambia nisipange mambo ya mbali. Na wewe umenisogezea mavuno hadi miaka miwili mbele." Akakitoa kitambaa cheupe alichorudi nacho shingoni, akakikunja vizuri. "Haya basi, itabidi niwepo."